Viraka vyote vinapitia mikononi mwangu: nitagawanaje kazi hii?

BARUA

Ndugu Mshauri,

Ninatunza mradi wa programu huria unaotengeneza maktaba ya kusoma mafaili ya picha. Tuko saba, wote tunajitolea, na wanaoonekana kila wiki ni wanne. Mbali na tawi kuu, yaani msimbo unaoendelezwa sasa, tunatunza matawi matatu ya matoleo ya zamani: 4.2, 4.1 na 3.6.

Kuandika viraka, yaani mabadiliko madogo ya kurekebisha msimbo, hakutusumbui. Kinachonisumbua ni safari ya kiraka baada ya kukubaliwa kwenye tawi kuu. Kukirudisha kwenye matawi ya zamani, kukijaribu, kuunda vifurushi, kuvisaini, kuvipandisha kwenye seva, kuwaarifu wafungashaji wa Debian, Fedora na mifumo mingine ya Linux wanaowafikishia watumiaji programu yetu: yote hayo nayafanya mimi. Ufunguo wa kusaini, unaothibitisha kwamba toleo limetoka kwetu, uko kwenye kompyuta yangu peke yake.

Hivi karibuni tulipata udhaifu wa kiusalama. Kiraka chake kilikuwa na mistari 42. Matawi ya 4.2 na 4.1 yalipata toleo siku hiyohiyo, lakini 3.6 lilichelewa siku tisa kwa sababu nilibanwa na kazi ya mshahara. Nilipokipachika huko kwa amri ya `patch` kilikubali, majaribio yote yakapita, tukatoa toleo. Siku tatu baadaye mtumiaji akatuonyesha kwamba ukaguzi mpya umeangukia kwenye fanksheni jirani inayofanana na ile tuliyoikusudia. Tundu lilikuwa bado wazi.

Nimeshaomba msaada. Mwenzetu mmoja alijitokeza, akachukua viraka vitano, kisha akanyamaza wiki sita. Sikujua nivifanye mwenyewe au nimsubiri, na sipendi kumvunja moyo.

Naomba unijibu mambo matatu. Kazi hii igawanywe vipi bila makosa kuongezeka? Je, ni salama kuwapa wengine ufunguo? Na mtu akichukua kazi akapotea, nifanyeje?

Mtunzaji wa matawi manne

JIBU

Ndugu yangu,

Nianze na 3.6, maana kilichotokea huko kinaonyesha kwa nini kazi yako imekataa kugawanyika mpaka leo.

Amri ya `patch` hutazama mistari ya muktadha inayozunguka kila badiliko, kwa kawaida mitatu juu na mitatu chini. Isipoiona kama ilivyoandikwa, haikatai papo hapo. Usipoiagiza vingine, ina ruhusa ya kupuuza hadi mistari miwili ya pembeni katika muktadha huo na kupachika mahali panapokaribiana. Ikifanya hivyo huandika neno `fuzz` kwenye skrini, na neno hilo hupita katikati ya mistari mingine bila mtu kuliona. Kwenye msimbo wenye fanksheni zinazofanana, kama wa kusoma picha ambapo kila muundo una msomaji wake, hapo ndipo kiraka huhamia kwa jirani.

Kuanzia leo tumieni `patch -F0`, inayokataa makisio hayo, au afadhali muiache kabisa na kutumia `git cherry-pick -x` ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo. `git apply` nayo hudai muktadha wote ulingane, lakini bado inaweza kusogea mistari kadhaa juu au chini, kwa hiyo fanksheni pacha zinaweza kuidanganya pia. Baada ya kupachika, soma `git show -W`, inayoonyesha fanksheni nzima iliyoguswa. Kisha linganisha kiraka cha tawi kuu na nakala yake ya tawi la zamani:

`git range-diff A^! B^!`

A ni badiliko la tawi kuu, B ni la tawi la zamani. Amri hii imo katika Git tangu toleo la 2.19 la mwaka 2018, na hutoa tofauti baina ya viraka viwili: kilichoongezwa, kilichoachwa, kilichohama. Ikidai kwamba viraka hivyo havihusiani, ongeza `--creation-factor=100`. Matokeo yake yabandikwe kwenye tiketi ya kiraka, ili mwenzako asome tofauti pekee badala ya kuanza upya na mistari yote 42.

Majaribio yako yalipita kwa sababu 3.6 halikuwa na jaribio linaloligusa tundu lile. Utaratibu unaozuia hilo ni kupeleka jaribio kwanza, peke yake, kwenye tawi la zamani na kulishuhudia likifeli. Likifeli, pachika kiraka, uone likipita. Kama lilipita kabla ya kiraka, ama tawi hilo halina hitilafu, ama jaribio halifiki mahali husika; na kwa vyovyote hamruhusiwi kutoa toleo mpaka mjue ni lipi kati ya hayo mawili.

Sasa kugawana kwenyewe. Umewaomba watu wakusaidie viraka, ila taarifa zinazohitajika ili kukisindikiza kiraka hadi mwisho ziko kichwani mwako: kiraka kipi kinahitajika wapi, hitilafu iliingia lini, 3.6 linatofautianaje na tawi kuu. Anayejitolea kwa saa mbili za jioni humaliza saa moja na nusu akikuuliza maswali, na wewe ukichelewa kujibu, jioni yake imekwisha. Kwa hiyo kabla ya kutafuta mikono mingine, zitoe taarifa hizo kichwani uziweke ndani ya kiraka chenyewe, siku kinapoandikwa, na aliyekiandika.

Mradi wa Linux umefanya hivi kwa miaka mingi. Kiraka kinachotibu hitilafu hubeba mstari wa `Fixes:` wenye herufi 12 za mwanzo za kitambulisho cha badiliko lililoileta hitilafu, pamoja na kichwa chake. Kinachofaa kurudishwa kwenye matawi thabiti huongezewa mstari wa `Cc: stable@vger.kernel.org`. Mwandishi hutumia dakika chache, na anayekuja baadaye haulizi mtu. Ninyi hamhitaji anwani hiyo. Wekeni mstari wenu, mathalani `Rudisha: 4.2, 4.1`, na roboti ya majaribio ikatae kiraka cha hitilafu kisicho na mistari hiyo miwili. Mstari wa kwanza hutengenezwa hivi:

`git log -1 --abbrev=12 --format='Fixes: %h ("%s")' KITAMBULISHO`

Ukiwa nao, kujua ni matawi gani yameathirika ni kuuliza `git branch -r --contains KITAMBULISHO`. Lakini hapa pana mtego unaowanasa wengi. Badiliko lenye hitilafu likiwa nalo lilirudishwa kwenye tawi la zamani, kule lina kitambulisho kingine, na amri hiyo itakujibu kwamba tawi liko salama wakati limeathirika. Ndiyo maana nimesisitiza `-x` kwenye `cherry-pick`: huacha ndani ya ujumbe mstari unaotaja kitambulisho cha asili, na `git log --grep=KITAMBULISHO` kwenye tawi la zamani hulifichua. Palipotokea mgongano ukautatua kwa mkono, hakikisha mstari huo umebaki, na uandike sentensi moja chini yake: mgongano ulikuwa upi na uliutatuaje. Mkaguzi ataanza kusoma hapo.

La pili kabla ya kugawa ni kupunguza. Kila tawi huzidisha kazi: kiraka kimoja kwa matawi matatu ya zamani ni mapachiko matatu, majaribio matatu, vifurushi vitatu na matangazo matatu. PostgreSQL, mradi wa hifadhidata wenye watu wengi kuliko ninyi, hutunza kila toleo kubwa kwa miaka mitano kisha huliacha, na matoleo madogo hutoka kwa ratiba inayojulikana mapema: Alhamisi ya pili ya Februari, Mei, Agosti na Novemba, labda litokee la dharura. Ratiba ya aina hiyo ni rehema kwa wanaojitolea, kwani mtu anaweza kuitengea jioni yake miezi miwili kabla. Ninyi saba tunzeni tawi kuu na mawili ya zamani. Tangazeni tarehe ya mwisho ya 3.6, miezi sita mbele, na kwa kipindi hicho lipokee viraka vya usalama tu.

Kabla ya kulifunga, waulizeni wafungashaji ni nani bado analisafirisha. Mara nyingi msambazaji mwenye toleo la muda mrefu tayari ana viraka vyake vya tawi hilo, vimekaa kwake na hamjaviona. Huyo ndiye wa kumkabidhi haki ya kuandika kwenye tawi la 3.6, kwa sharti kwamba viraka vyake vikaguliwe na mmoja wenu. Sharti hilo lisilegezwe. Mwaka 2006 kifurushi cha Debian cha OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, kilipachikwa kiraka cha kunyamazisha onyo la chombo cha kukagua kumbukumbu, na kiraka hicho kikaondoa karibu vyanzo vyote vya unasibu. Hadi kilipogunduliwa Mei 2008, kila aina na ukubwa wa ufunguo uliotengenezwa kwenye mashine hizo ulikuwa na uwezekano wa kuwa mmoja kati ya 32,768 tu. Kiraka kinachoishi kwa mfungashaji peke yake hukosa macho ya walioandika msimbo. Mwongozo wa Debian uitwao DEP-3 una mstari wa `Forwarded` katika kichwa cha kiraka, unaosema kama kimepelekwa kwa mradi mama. Waombeni wafungashaji wenu waujaze, nanyi mvijibu viraka vyao ndani ya muda mliokubaliana.

Hapo ndipo mgawane, na ushauri wangu ni kugawana kwa tawi, siyo kwa kiraka. Anayeshika tawi la 4.1 kwa mwaka mzima huzijua kona zake, na kufikia kiraka cha kumi anafanya kwa dakika 20 kile ambacho mgeni angefanya kwa saa mbili. Mradi wa lugha ya Python huenda njia hii: kila mfululizo wa matoleo una msimamizi wake anayejulikana kwa jina, na hatua za kutoa toleo zimeandikwa katika waraka wa PEP 101. Kila tawi lenu liwe na mshika tawi na msaidizi. Msaidizi ana kazi halisi kila wiki: yeye ndiye anayekagua viraka vya mshika tawi, kwa kuwa aliyepachika hajiidhinishi. Akiugua mmoja au akisafiri, mwingine tayari analijua tawi. Orodha ya siri ya barua pepe ambako wasambazaji wa Linux hupokea taarifa za udhaifu kabla ya umma imepangwa hivyo hivyo: kazi za pamoja hugawiwa wanachama, kila moja ikiwa na mhusika mkuu na wa akiba.

Haya yaandikwe kwenye faili ndani ya hifadhi yenyewe, penye msimbo:

```
TAWI: 4.1
Mshika tawi: (jina)
Msaidizi: (jina)
Hali: linatunzwa
Linapokea: hitilafu na usalama
Mwisho wa kutunzwa: (tarehe)
```

Kwenye mstari wa hali muwe wakweli. Faili la `MAINTAINERS` la Linux lina hali iitwayo `Orphan`, yaani yatima, kwa sehemu isiyo na mlezi. Tawi lisilo na mtu liandikwe yatima. Watumiaji watajua wajiandae, na mara nyingi mlezi hujitokeza baada ya kuliona neno hilo.

Kazi ya kutoa toleo igawanywe tofauti: kwa zamu, kila toleo na mtu wake. Andika hatua zote kuanzia namba ya toleo hadi tangazo, kisha mpe karatasi hiyo mwenzako ambaye hajawahi kutoa toleo hata mara moja. Wewe kaa kimya kwenye simu. Kila anapokwama, hatua irekebishwe hapo hapo. Kwa kawaida pa kukwama ni palepale: namba ya toleo iliyoandikwa kwenye mafaili mawili, moja likasahaulika, programu fulani iliyopo kwenye kompyuta yako tu, nywila ya seva unayoijua wewe peke yako. Baada ya watu watatu kupita, waraka utasimama bila wewe.

Kwa toleo la usalama, yafuatayo yaandikwe kwa herufi nzito. Matawi yote yatayarishwe katika hifadhi ya faragha, na yachapishwe ndani ya saa moja. Ukikichapisha kiraka kwenye 4.2 na kuliacha 3.6 siku tisa, umemwonyesha mshambuliaji tundu lilipo huku watumiaji wa 3.6 hawana kinga. Ni heri kusubiri siku mbili kuliko kutoa nusu. Muda wa kimya nao una kikomo. Orodha ya wasambazaji niliyoitaja hairuhusu kuzidi siku 14, na hupendelea chini ya saba. Kifurushi kikishapanda kikaonekana kina kosa, usikibadilishe kwa jina lilelile: wapo waliokwisha kuandika alama yake ya SHA-256, ambayo hubadilika faili likibadilika hata kidogo, na kwao badiliko hilo litafanana na uvamizi. Toa namba mpya.

Mtu wa zamu asiondoke siku ya toleo. Awe tayari wiki nzima, pamoja na msaidizi wake, kwa sababu tiba ya kwanza mara nyingi haitoshi. Septemba 2014 kiraka cha kwanza cha programu ya Bash kwa CVE-2014-6271 (CVE ni namba rasmi ya udhaifu) kiliacha mwanya uliopewa namba CVE-2014-7169. Desemba 2021 maktaba ya Log4j ilianza na 2.15.0, ikalazimika kutoa 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1 ndani ya mwezi huohuo. Waliojitolea wakifanya hivyo bila zamu huumia, na wengine hawarudi tena.

Kuhusu ufunguo: usimpe mtu ufunguo wako. Nakala mbili za ufunguo mmoja zina maana kwamba moja ikiibwa mnafuta imani ya matoleo yote, na hamtajua nani alisaini nini. Kila mtoa toleo awe na wake, wenye muda wa kuisha usiozidi miaka miwili. Hifadhini orodha ya funguo zinazokubalika ndani ya hifadhi na kwenye tovuti ya mradi, na badiliko lolote la orodha hiyo liidhinishwe na watu wawili. Wasiopenda GPG, programu ya kawaida ya kusaini, wanaweza kusaini lebo za Git (alama zinazotaja toleo) kwa ufunguo wa SSH, ule wa kuingilia seva. Git huruhusu hilo tangu toleo la 2.34 la Novemba 2021. Mtu akiondoka, jina lake linatolewa na wengine wanaendelea.

Hofu yako ya kukabidhi ina msingi. Machi 2024 Andres Freund aligundua mlango wa siri katika programu ya kubana mafaili iitwayo xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, uliopandwa na mtu aliyeuchangia mradi kwa zaidi ya miaka miwili hadi akapewa haki ya kutoa matoleo, huku mtunzaji aliyekuwapo akiwa amechoka na kusukumwa akabidhi. Sehemu muhimu ya hila hiyo ilikuwa ndani ya kifurushi cha toleo, kwenye faili ambalo halikuwamo hivyo katika hifadhi ya Git. Ukilisoma tukio hilo vizuri, mtu mmoja kubaki peke yake na mzigo ni hatari sawa na kumkabidhi mgeni, na kinga ya yote mawili ni moja: kifurushi kisitegemee neno la mtu mmoja. Watu wawili, kila mmoja kwenye kompyuta yake, watengeneze kifurushi kutoka kwenye lebo iliyosainiwa:

`git archive --format=tar --prefix=maktaba-4.2.7/ v4.2.7 > maktaba-4.2.7.tar`

Kisha kila mmoja apige `sha256sum` na walinganishe kabla ya kusaini. Linganisheni faili la tar kabla ya kulibana, kwa sababu matoleo tofauti ya gzip yanaweza kutoa baiti tofauti. Mkibana, tumieni `gzip -n` ili jina na saa visiingie. Alama zisipolingana, toleo linasimama, hata kama kila mtu ana haraka. Haki nazo zitolewe kwa ngazi: kukagua kwanza, kupachika kwenye tawi moja baadaye, kutoa toleo mwishoni, na kila ngazi idaiwe miezi kadhaa ya kazi inayoonekana.

Limebaki la ndugu aliyenyamaza. Msiache jambo hili litegemee ujasiri wako wa kumuuliza. Wekeni kanuni kwamba kila dai la kiraka lina muda: saa 48 kwa cha usalama, siku 14 kwa kingine chochote. Muda ukipita bila neno, roboti inalifungua dai na yeyote anaweza kulichukua. Kulirudisha mapema kwa neno moja, "naachia", kuhesabiwe kuwa ni mchango, maana mtu aliyeachia mapema amewaokoa wenzake wiki sita. Na kazi iliyoanza ipandishwe kila siku kwenye tawi la rasimu lenye namba ya tiketi, hata kama haijakamilika, ili atakayeipokea asianze sifuri.

Kanuni hiyo isimrukie yeye bila taarifa. Mwandikie leo, faraghani, kitu kama hiki: "Habari za siku nyingi. Tumeanza kuweka muda kwa kila kiraka, na vile vitano navifungua Ijumaa ili wengine waweze kuvichukua. Kama una rasimu yoyote, ipandishe tu ilivyo, itatusaidia. Ukipata nafasi baadaye, tawi la 4.1 linahitaji msaidizi wa kukagua, ni kama nusu saa kwa wiki." Ukaguzi wa nusu saa ni mlango rahisi wa kurudia kuliko viraka vitano vilivyopitiliza muda. Hata asipojibu, Ijumaa vifungue.